Jozi ya Mitungi ya Bi Rukia

Kutoka Masasi hadi Kariakoo nilitumia siku tano, na siku zote tano nilikuwa nimepakata mtungi. Daraja la Rufiji lilikuwa halijajengwa, na mvua ikinyesha barabara ya kusini iligeuka uji mweusi. Nilisafiri juu ya lori lililobeba makopa, yaani mihogo mikavu, pamoja na kina mama wawili na jogoo aliyewika kila tulipokwama. Siku ya tatu utingo alikuwa ameshachoka hata kutukana. Kwenye kivuko tulisubiri siku nzima na nusu, tukatafuna makopa ya tajiri bila ruhusa yake. Mtungi ulikuwa unakwenda kwa mama mdogo aliyekuwa akikaa Buguruni. Mama ndiye aliyeufinyanga, akauzungushia kitenge, akanikabidhi na neno moja tu la kwaheri: "Ukivunjika, usifike."

Haukuvunjika. Lori lilishusha mzigo pembeni mwa soko asubuhi, nami nikabaki nimesimama katikati ya msongamano wa watu, miguu imeganda matope, nikiuliza njia ya Buguruni. Wa kwanza kunijali alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa. Hakunielekeza njia. Aliutazama mtungi.

"Hebu lete hapa."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weka chini, polepole." Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. "Kafinyanga nani?"

"Mama."

"Na wewe unafinyanga?"

"Kwetu wanaume hawafinyangi, Mzee. Mimi nilikuwa nachimba udongo na kuukanyaga."

Akanyoosha kidevu kuelekea mtaani, alikokuwa anapita mmachinga mwenye misuli ya mbeba mizigo, mkono mzima umening'inizwa sidiria. "Unamwona yule? Hapa Bongo mwanaume anafanya kazi yoyote. Peleka mtungi wa watu, kisha uje. Kesho saa moja. Usichelewe."

Huyo ndiye Mzee Nasri, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonikaa miaka zaidi ya ishirini.

Vijana wangu, najua mtu wa miaka arobaini na kitu akijiita mstaafu mnacheka. Chekeni. Mapafu yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nimeyafuata. Naandika kwa sababu wengi wenu mnaniuliza jinsi ya kuotesha maua kwenye vyombo, mkidhani shida ni kupata vipimo. Vipimo nawapa sasa hivi, bure: nusu unga wa kioo maalumu, robo unga wa zinki, robo mchanga mweupe uliosagwa ukawa laini kama poda. Haya, nendeni mkaoteshe. Mtarudi.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawajawahi kuona. Chombo cha kawaida unakipaka glezi, ambayo ni unga wa kioo uliokorogwa na maji. Ukikichoma, unga unayeyuka na kuwa ngozi inayong'aa. Glezi yetu ilikuwa na zinki nyingi. Ukiipeleka kwenye joto kali mpaka iwe nyepesi kama mafuta, halafu ukalishusha joto kidogo na kulishikilia hapo saa nne au tano, ndani ya kile kioo yanaota maua. Vitabu vinayaita fuwele. Yanaanza kama punje, yanatanuka duara, na ndani ya kila duara kuna nyuzi kama za manyoya ya ndege. Huchori wewe. Hupangi yatokee wapi. Unachoweza ni kulinda joto na kunyamaza.

Nyumba ya Mzee ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Mababu zake walitoka Hadhramaut wakauza vitambaa. Yeye vitambaa vilimshinda, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha vigae mpaka kikafungwa. Uwani zamani palikuwa na mashine ya kusaga nafaka, ndiyo maana nyumba ilikuwa na umeme wa fezi tatu. Mashine iliondoka, umeme ukabaki, Mzee akajenga tanuri la umeme la kuchomea vyombo.

Na ukumbini palikuwa na kabati la vyombo la Bi Rukia, mkewe. Kila kitu kwenye kabati lile kilikuwa jozi: mabirika mawili, vyetezo viwili, sahani kubwa za ukutani mbili. Isipokuwa rafu ya katikati. Kushoto palikuwa na mtungi mmoja wenye rangi ya asali na maua ya buluu, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kulia palikuwa patupu. Mtungi huo ulitoka tanurini mwaka wa kwanza, Mzee akampa mkewe akisema, "Mwenzake anakuja." Bi Rukia akaacha nafasi. Mimi nilipofika, nafasi ile ilikuwa na miaka tisa, na kila Alhamisi aliipangusa vumbi kama vile kuna kitu.

Mgeni akiuliza, alijibu, "Hapo kuna mtu kaenda dukani."

Mzee akisikia alijifanya anatafuta miwani. Wakati huo sikuelewa kwamba mtu mzima anaweza kuona aibu ya namna hiyo kwa miaka. Asali na buluu vinatokana na unga mmoja tu wa nikeli, lakini ukizidisha punje mbili unapata rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Alijaribu na kujaribu. Maua yaliyotoka yalikuwa mazuri, watu wa maofisini Posta waliyanunua kwa furaha. Hayakuwa ya ile nafasi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtoto wa mfinyanzi. Nilikabidhiwa ndoo ya glezi nikoroge. Nikaona inazama chini, haikai juu ya maji, na ukiipaka inadondoka kama chokaa mbovu. Nikakumbuka mama alichokuwa akisema, kwamba kisichoshika kitie udongo kidogo. Nikatia konzi mbili za udongo mweupe wa Pugu. Ikakorogeka vizuri sana, ikashika kama rangi ya ukuta. Sikumwambia mtu, maana nilitaka sifa zije zenyewe. Tanuri lilipofunguliwa, vyombo kumi na moja vilikuwa vinang'aa kama sahani za mgahawa. Hakuna ua hata moja.

Mzee alizunguka tanuri mara mbili. "Umetia nini?"

"Udongo, Mzee. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha konzi. Akazitazama ngumi zangu, zilizokuwa ngumi za mchimba udongo, akaketi chini akacheka mpaka akakohoa. "Rukia! Njoo umwone mtu aliyefyeka bustani kwa mkono mmoja."

Udongo unaifanya glezi iwe nzito, na kwenye glezi nzito ua haliwezi kutembea. Shikeni hilo. Lakini kosa lile lilinifundisha njia yangu mwenyewe, kwa sababu bado glezi ilihitaji gundi. Nilichukua unga wa muhogo wa kwetu, nikapika uji mwepesi sana, nikauchanganya. Ukashika, na kwenye moto ukaungua bila kuacha kitu. Tatizo ni kwamba siku ya tatu ndoo ilinuka. Bi Rukia alikuja uwani na ncha ya kanga puani. "Damasi, baba, kuna kilichokufa humu au ni kazi?" Ndiye aliyetumbukiza matone ya mafuta ya karafuu, na harufu ikaisha. Mpaka leo nikipita penye karafuu naona ndoo.

Jambo jingine kabla sijasahau: vaeni barakoa. Mchanga ule uliosagwa ni laini, haukuwashi, unaingia kifuani na kukaa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sisi tulifunga kitambaa puani tulipokumbuka. Na msichungulie tanuri kwa jicho tupu, tumieni kioo cha wachomeleaji. Mimi nimewahi kuonekana mtu wa kujifanya jasiri, na sasa napanda ngazi kwa vituo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Kwa kuwa glezi hii inatiririka, chombo hakiwekwi moja kwa moja tanurini. Unakifinyangia pete ya udongo uleule, unakibandika juu yake, halafu pete inakaa kwenye kisahani cha kudaka matone. Ukishachoma, chombo na pete vimeshikamana kwa kioo. Kuvitenganisha, unapasha moto kiungo kwa tochi ya gesi, ile ya mafundi wa majokofu, ukizungusha chombo pole pole mpaka kiungo chote kipate joto sawasawa. Ndipo unagonga kwa tindo nyembamba, mara moja, kama unayebisha hodi kwa mgonjwa.

Mwaka wangu wa tatu, siku ya Ijumaa, tulifungua tanuri asubuhi na mwenzake alikuwa amekuja. Asali ileile, buluu ileile, maua saba upande wa mbele na mawili yamegusana shingoni karibu kabisa na pale yalipogusana kwenye ule wa kabatini. Mzee aliweka kiganja kifuani. Kisha adhana ikalia, akasema, "Usiuguse. Nikitoka msikitini tutautoa pamoja," akaenda kuoga.

Mimi nikafikiria hivi: akirudi, aukute uko kabatini. Bi Rukia alikuwa jikoni anapika. Niliona tayari uso wake akipita ukumbini na birika la maji, akisimama. Nikawasha tochi. Nikapasha upande mmoja, nikazungusha kidogo, nikaona panatosha. Nikagonga.

Ufa ulipanda kutoka kwenye pete hadi shingoni, katikati ya yale maua mawili. Mlio wake haukuwa mkubwa. Nusu moja ilibaki mkononi mwangu.

Bi Rukia alitoka jikoni na mwiko. Aliangalia kile kilichokuwa mezani, akakijua. Akaniambia, "Onyesha mikono. Umekatwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa. Usitembee peku, kuna vipande."

Mzee alirudi na kanzu yake nyeupe, akasimama mlangoni pa uwani. "Ulipasha?"

"Nilipasha upande mmoja."

"Haya," akasema. Akaingia ndani kubadili nguo. Jioni hakuniambia maneno yake ya kila siku. Tangu siku ya kwanza, kila nilipoondoka aliniambia, "Kesho usichelewe." Siku ile alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonifukuza. Angenitukana ningebaki.

Nilikwenda Morogoro, nikabeba matofali. Nikaenda Mbeya, nikauza viazi. Mimi miguu yangu haijawahi kutulia, lakini safari ile haikuwa ya kutalii, ilikuwa ya mtu aliyevunja na hataki kufika. Miezi minane. Mwisho nikaona kila mji ninaofika naingia kwenye maduka ya vyombo na kuvigonga kwa kidole, wenye maduka wananifukuza. Nikarudi Kariakoo.

Bi Rukia ndiye aliyefungua mlango. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani kote.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja..."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Basi ingia ule, maneno hayashibishi." Akanigeuzia mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi uwani, "Yule aliyeenda dukani karudi. Lakini mikono mitupu."

Mzee alikuwa kwenye gurudumu la kufinyangia, hakuinua kichwa. Nilikula, nikafagia uwani, nikasaga mchanga, nikakoroga glezi. Jua lilipotua nikaaga. Nilikuwa nimefika kwenye kizingiti niliposikia nyuma yangu, "Kesho usichelewe."

Tangu siku ile jozi ya Bi Rukia ikawa deni langu, si la Mzee. Sikumwambia, ila alijua. Kila tulipopanga tanuri niliweka mtungi mmoja wa nikeli pembeni, na yeye aliniachia nafasi hiyo bila kuuliza. Miaka ikapita. Tulianza kwa kusoma joto kwa rangi: rangi ya chungwa bivu, halafu rangi ya kiini cha yai, halafu weupe unaokufanya ugeuze uso. Baadaye tukapata kipimo chenye namba, na baadaye tena kifaa kinachopandisha na kushusha joto chenyewe. Mzee alikitazama kifaa kile kama mkwe mpya. Kilifanya kazi vizuri kuliko sisi, lazima niseme ukweli. Nyinyi mnaoanza na vifaa hivyo msione aibu. Mitungi ya nikeli ilitoka ya kijani, ya kahawia, ya zambarau, mingine mizuri mno, tukaiuza. Mara mbili nilitoroka tena, Tanga na Mwanza, na mara zote nilikuta kiti changu.

Kisha ghorofa zikatufikia. Nyumba ya jirani ilivunjwa, na ya jirani yake. Nyumba ya Mzee ilikuwa ya urithi, yeye na ndugu zake sita, na ndugu walikubaliana kuuza. Mzee hakupinga. Alikuwa amezeeka, magoti yamegoma, na binti yake aliyekuwa Kigamboni alishamwandalia vyumba. Tatizo lilikuwa tanuri. Matofali yake yalikuwa yamepikwa mara nyingi hata ukiyashika yanamomonyoka kama kashata. Halingehama.

"Tutachoma mara moja tu," Mzee alisema. "Weka mitungi ya Rukia. Mingine acha."

Tukaweka mitatu. Nilipima nikeli mara nne. Tuliwasha alfajiri, na saa saba mchana tukafika kwenye joto la juu, nikalishusha, tukaanza kulishikilia. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki na kioo chake cha mchomeleaji. Saa mbili zilipita vizuri. Wakati huo maua yanakuwa nusu ya ukubwa wake.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulipiga kelele, kama kawaida, halafu jenereta zikaanza kunguruma mbele ya maduka. Jenereta la kubeba tanuri lile halikuwapo mtaani. Nikashika mfuniko wa tundu la kuchungulia.

"Usifungue," Mzee alisema.

"Nataka nione limeshuka kiasi gani."

"Ukiona utafanya nini? Utalipulizia? Kaa."

Tukaziba nyufa za mlango kwa udongo na mchanga, tukakaa. Bi Rukia alileta kahawa, akakaa na sisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimuuliza mumewe, "Sasa yule aliyeenda dukani kakwama njiani?"

"Amekwama," Mzee akasema.

"Barabara ya kusini," nikasema mimi, na wote watatu tukacheka. Dakika ishirini na kitu. Umeme uliporudi ndani palikuwa pekundu, pamefifia. Mzee akaniamuru nipandishe kidogo kidogo mpaka palepale, tukashikilia saa tatu nyingine. Tukalala bila kujua ndani imekuwaje.

Tulifungua baada ya siku mbili. Mtungi wa kwanza ulikuwa umetiririka hadi ukashikana na rafu. Wa pili maua yote yalijibana chini kama kuku kwenye tenga. Wa tatu ulikuwa wa asali na buluu. Lakini kwenye kila ua, katikati ya duara, palikuwa na mviringo mwembamba mweupe. Pale ndipo ua liliposimama umeme ulipokatika, kisha likaendelea kukua.

"Haufanani," nilisema.

Mzee alinipa tochi. Nilipasha kiungo nikizungusha mtungi pole pole, raundi moja, mbili, tatu. Nikashika tindo.

"Pasha tena," alisema.

Nikapasha tena. Nikagonga mara moja. Pete ikadondoka kwenye kisahani, mtungi ukabaki mikononi mwangu, mzima.

Siku ya kuhama, kabati lilitangulia na pikapu ya kwanza. Mimi nilipanda ya pili, na mitungi miwili nimeipakata, mmoja kwenye kila goti, na pale kivukoni Magogoni watu walinipisha wakidhani nimebeba dawa. Sikuiachia mpaka ndani ya ukumbi wa binti yao, ambako kabati lilikuwa limeshasimamishwa. Bi Rukia aliupokea wa zamani, akauweka kushoto. Akaupokea mpya. Akaugeuza geuza dirishani, akagusa ile miviringo kwa ukucha, akauweka kulia. Akarudi nyuma hatua mbili.

Mzee, kutoka kwenye kochi, akasema kwa unyonge, "Haifanani, Rukia. Nilikuahidi jozi."

"Kwani mimi na wewe tunafanana?" akamjibu bila kugeuka. "Mbona tumekaa kabati moja miaka yote hii."

Mzee alitafuta miwani yake, iliyokuwa usoni.

Nilikunywa chai nikaaga. Begi langu lilikuwa Buguruni kwa mama mdogo, na kesho yake asubuhi nilikuwa na tiketi ya basi la kuondoka mjini. Kariakoo sikuwa na pa kurudi, tanuri lilikuwa limeshapigwa nyundo. Mzee alijikongoja kwa fimbo hadi mlangoni, akaniangalia nikivaa viatu.

"Kesho," akasema, "usichelewe."

"Sichelewi, Mzee," nikamwambia, nikashuka kuelekea kivukoni.